Dawa ya Mti na Dawa ya Hospitali Zikikutana Mwilini

   Kama sufuria iko mekoni, punguza moto kidogo, keti, tuzungumze.

Leo tunazungumza juu ya jambo linalofanyika karibu katika kila ploti, lakini halisemwi mbele ya daktari. Jambo lenyewe ni kutumia mitishamba na dawa za hospitali kwa wakati mmoja.

Asubuhi unaenda kliniki, unapimwa, unapewa vidonge na kuelezwa namna ya kuvimeza. Ukirudi nyumbani, chini ya meza ipo chupa ya maji ya lita 5 yenye dawa ya rangi ya kahawia iliyoletwa na mama mkwe kutoka mashambani, au uliyouziwa pale stejini. Unameza vidonge, kisha unakunywa nusu kikombe cha ile ya chupa. Unajiambia, "Moja ikikataa, nyingine itafanya kazi."

Je, dawa hizo mbili zinapokutana mwilini hufanya nini? Husaidiana, hugombana, au kila moja hupita njia yake? Hilo ndilo swali letu la leo.

Hatukuja kuitukana mitishamba

Tuanze kwa kuelewana. Hatusemi kwamba mitishamba ni uchawi au ushamba. Dawa nyingi za hospitali zilitoka kwenye miti. Kwinini, iliyotibu malaria kwa miaka mingi, ilitolewa katika magome ya mti wa Amerika Kusini uitwao sinkona. Dawa ya mseto ya malaria tunayoiita AL, ambayo Kenya iliamua mwaka wa 2004 kuwa ndiyo ya kwanza kutibu malaria isiyo kali, ina kiungo kilichotokana na mmea wa Artemisia wa Uchina. Mwanasayansi Tu Youyou, aliyeongoza uchunguzi wa mmea huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Hata metformin, wanayoimeza wengi wenye kisukari, asili yake ni mmea uliotumiwa na wazee wa Ulaya zamani.

Hapa kwetu, taasisi ya utafiti wa kitiba ya KEMRI ina kituo kinachochunguza dawa za asili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inatambua tiba asili na kutaka isimamiwe. Kwa hivyo hakuna sababu ya mtu kuona aibu kwa kutumia mti.

Lakini hapo ndipo penye funzo la kwanza. Ikiwa mti una nguvu ya kuponya, basi una nguvu ya kufanya kitu mwilini. Na kitu chenye nguvu mwilini kinaweza pia kudhuru, na kinaweza kugombana na dawa nyingine. Yule anayekuambia, "Hii ni ya asili, haina madhara hata kidogo," hajakuambia ukweli. Tumbaku ni ya asili. Muhogo mchungu ni wa asili, na usipotayarishwa vizuri una sumu. Dawa ya mti ni dawa. Ihesabu kama dawa.

Njia tatu ambazo dawa hugombana

Ili tuelewe vizuri, tufuate safari ya kidonge. Kinaingia tumboni, kinapita kwenye damu, kinafanya kazi yake, kisha ini na figo hukivunja na kukitoa nje. Mitishamba inaweza kuingilia safari hiyo mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni mlangoni, yaani tumboni na kwenye matumbo. Kuna vitu vinavyoshika dawa humo ndani na kuizuia isiingie kwenye damu. Mfano ulio karibu sana ni vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mama mjamzito. Ukivimeza kwa chai, madini mengi ya chuma hushikwa na chai na kutoka nayo chooni. Magome na majani yanayokausha ulimi unapoyaonja yana kitu kama kile kilicho ndani ya majani chai. Nayo pia huzuia madini hayo.

Kisha kuna odowa, yale mawe laini ya udongo wanayotafuna wajawazito wengi hapa mtaani. Udongo wa aina hiyo hushika dawa kama sifongo inavyoshika maji. Mama anaweza kumeza vidonge vyake kila siku bila kukosa, lakini akipimwa damu tena, bado ni kidogo. Muuguzi anadhani havimezi. Mama anaapa kwamba anavimeza. Wote wawili wanasema kweli, lakini hakuna aliyeuliza kuhusu odowa.

Kwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, kuna dolutegravir, ambayo sasa imo katika vidonge vya watu wengi. Dawa hii hushikwa na madini ya chuma, na pia na kalsiamu na baadhi ya dawa za kutuliza asidi tumboni. Kawaida humezwa muda wa saa 2 kabla ya vitu hivyo au muda wa saa 6 baada yake. Vidonge vya kuongeza damu au vya kalsiamu vinaweza pia kumezwa pamoja nayo wakati wa kula. Mwombe mhudumu wa kliniki akupangie ratiba.

Papo hapo mlangoni kuna tatizo la kuharisha. Mshubiri, ambao Wakikuyu huuita thukurui na Wakamba kiluma, una utomvu wa manjano unaoendesha tumbo kwa nguvu. Mama anayetumia vidonge vya kupanga uzazi, akinywa dawa ya "kusafisha tumbo" na kuharisha sana siku nzima, huenda kidonge chake kikatoka kabla hakijaingia kwenye damu. Mimba ikipatikana, watu husema vidonge vya kliniki havina nguvu.

Mahali pa pili ni kwenye ini. Ini ni kama kiwanda cha kuvunjavunja dawa ili zitoke mwilini. Kuna mitishamba inayokiharakisha kiwanda hicho. Dawa ya hospitali huvunjwa haraka kabla haijamaliza kazi yake. Mwaka wa 2000, watafiti wa Marekani waligundua kwamba mmea wa Ulaya uitwao St John's wort, unaouzwa kama dawa ya huzuni, ulipunguza dawa moja ya VVU katika damu kwa zaidi ya nusu. Mmea huo huo hudhoofisha vidonge vya kupanga uzazi. Ikiwa una jamaa ng'ambo anayekutumia vidonge vya mimea, soma jina kwenye kopo.

Mwaka wa 2002 iligunduliwa pia kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza dawa nyingine ya VVU, saquinavir, kwa karibu nusu. Usishtuke, mama. Punje mbili tatu za kitunguu saumu kwenye mchuzi ni chakula. Vidonge vyake kila siku, au kikombe cha kitunguu kilichosagwa kila asubuhi, hiyo sasa ni dawa.

Vitu vingine hufanya kinyume, huzuia dawa isivunjwe. Balungi, lile tunda kubwa chungu la jamii ya machungwa, hufanya hivyo kwa baadhi ya dawa za presha na za kupunguza mafuta kwenye damu. Dawa hurundikana mwilini, na mtu aliyemeza kidonge kimoja huwa kama aliyemeza vingi.

Tena ini lenyewe linaweza kuchoka. Dawa za kifua kikuu humezwa kwa muda wa miezi 6 au zaidi, na baadhi yake hulielemea ini. Mgonjwa akiongeza chupa ya mitishamba isiyojulikana, na macho yake yakawa manjano, daktari hatajua alaumu nini. Huenda ikabidi dawa zote zisimamishwe, na matibabu yacheleweshwe.

Sikiliza jambo hili kwa makini, kwa sababu wengi hukosea hapa. Watu husema, "Mimi huachanisha. Asubuhi nameza ya hospitali, jioni nakunywa ya mti." Kuachanisha saa kunasaidia kwa ugomvi wa mlangoni tu, ule wa tumboni. Hakusaidii kwa ugomvi wa kwenye ini. Mmea uliobadilisha kazi ya ini huendelea kuibadilisha kwa siku nyingi, hata wiki. Kumeza moja asubuhi na nyingine jioni hakukukingi.

Mahali pa tatu ni kwenye kazi yenyewe. Hapa dawa mbili huvuta upande mmoja, zikapita kiasi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia glibenclamide au insulini, akiongeza maji ya karela au uwatu kwa wingi, sukari inaweza kushuka sana. Atatokwa jasho baridi, atatetemeka, atachanganyikiwa, na anaweza kuzimia. Familia itadhani sukari imepanda, kumbe imeisha.

Mwenye kutumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu isigande, au anayemeza aspirini kila siku kwa ajili ya moyo, akiongeza vidonge vya kitunguu saumu au tangawizi kwa wingi, anaweza kutokwa na damu isiyokatika upesi. Kwa sababu hiyo, yeyote anayengojea upasuaji uliopangwa, ukiwemo wa kujifungua, amwambie daktari mapema kila mti anaotumia. Mara nyingi ataambiwa auache wiki 2 kabla.

Kilichomo ndani ya chupa

Daktari akiandika dawa, anajua ni miligramu ngapi. Je, ile chupa ya kahawia ina kiasi gani? Mti mmoja unaweza kuwa mkali kuliko mwenzake kwa sababu ya udongo, mvua, umri wake, au kama ulichunwa gome au jani. Dawa iliyochemshwa dakika 10 si sawa na iliyochemshwa tangu asubuhi. Kijiko cha jana si sawa na kijiko cha leo.

Halafu, je, huo mti ndio wenyewe? Katika miaka ya 1990, huko Brussels, Ubelgiji, takriban wanawake 100 waliharibika figo baada ya kumeza vidonge vya mimea vya kupunguza unene. Uchunguzi ulionyesha kwamba mmea mmoja ulikuwa umechukuliwa badala ya mwingine, na uliowekwa ulikuwa na sumu ya figo. Kama hilo lilitokea penye maabara, linaweza kutokea penye jiko la makaa.

Kuna pia udanganyifu. Katika nchi mbalimbali, maabara zimepima dawa zilizoitwa "mitishamba tupu" na kukuta ndani yake unga wa dawa za hospitali: dawa za steroidi, za kushusha sukari, za maumivu, hata za nguvu za kiume. Dawa ya viungo inayomaliza maumivu kwa usiku mmoja, dawa ya hamu ya kula inayomnenepesha mtoto uso kwa wiki mbili, hizo zitilie shaka. Pengine unameza kwa siri kile kile ambacho daktari angekuandikia kwa kipimo, au ambacho asingekuandikia kamwe.

Dawa ya mimea iliyopakiwa na kuuzwa dukani inapaswa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Tazama kama ina jina la mtengenezaji, tarehe ya kuisha na namba ya usajili. Anayeuza kwa kipaza sauti dawa moja ya kutibu presha, kisukari, vidonda vya tumbo, utasa na kansa, mpishe aende zake.

Mama mjamzito na mtoto mchanga

Sasa tuje kwa wale tunaowajali zaidi.

Mama mjamzito, kuna dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu. Nyingine hunywewa, nyingine ni mafuta ya mbarika. Hatari yake ni hii: mti unaokaza mfuko wa uzazi hauna kipimo. Ukifika hospitalini, na wauguzi wakaona uchungu unakwenda polepole, huenda wakakuwekea dripu ya kuongeza uchungu bila kujua ulikunywa nini nyumbani. Nguvu mbili zikijumlika, mtoto anaweza kukosa hewa, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Hapo ndipo mama na mtoto hupotea. Kama umekunywa kitu, hata kama ni mama mkwe aliyekupa na hutaki kumtia lawamani, mwambie muuguzi mara tu unapofika. Sema, "Sista, nilikunywa dawa ya kienyeji saa fulani." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa roho mbili.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu, pamoja na dawa alizoandikiwa na mhudumu wa afya. Ini lake na figo zake bado ni changa. Kiasi kinachompita mtu mzima bila neno kinaweza kumlaza mtoto. Mwarobaini, ambao watu wanasema hutibu magonjwa 40, ni mfano mzuri. Wazazi huko India na Malaysia waliwapa watoto wao mafuta ya mwarobaini kwa kuyaamini. Madaktari waliripoti watoto waliotapika, wakapata degedege, wengine wakafa. Mti ulikuwa ule ule unaosifiwa.

Mtoto akiharisha, hatari kubwa ni kuishiwa na maji. Anahitaji maji ya ORS, vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na kuendelea kunyonya au kula. Ukimpa dawa ya mti ya "kutoa uchafu tumboni", unamwongezea kuharisha na kumtoa maji aliyobaki nayo.

Mtoto akiwa na joto jingi, usikae naye siku tatu ukimchemshia majani kwa kudhani ni malaria. Hapa Nairobi malaria si nyingi kama Kisumu au Pwani. Joto linaweza kuwa ni nimonia, na nimonia haingoji. Mpeleke apimwe siku hiyo hiyo.

Nawe unayenyonyesha, kumbuka kwamba baadhi ya unayokunywa hupita kwenye maziwa. Supu, uji na njahi endelea navyo. Dawa kali za kusafisha damu ziache.

Somo la Loliondo

Wengi wetu tunakumbuka mwaka wa 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu, alikuwa akigawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 za Tanzania. Ilichemshwa kutokana na mizizi ya mti unaoitwa huko mugariga, ambao Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa. Ilisemekana inatibu UKIMWI, kisukari, kansa na magonjwa mengine sugu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na Wakenya wengi walivuka mpaka kwenda huko.

Shida kubwa ilikuja baada ya kikombe. Kuna waliorudi nyumbani wakaziacha dawa zao wakiamini wamepona. Virusi vya UKIMWI vikiachiwa nafasi, hurudi kwa wingi katika wiki chache. Kifua kikuu kikiachwa katikati kinaweza kurudi kikiwa kimezoea dawa, na mgonjwa anaweza kuwaambukiza walio chumba kimoja naye. Na ukijua vyumba vyetu vya Kware na Pipeline vilivyo, chumba kimoja ni familia nzima.

Kwa hivyo, mama, ikiwa utakunywa kikombe chochote, usiache dawa ya hospitali kwa sababu yake. Ukijisikia umepona, rudi ukapimwe. Kipimo ndicho kiseme.

Ukiwa unatumia zote mbili, fanya hivi

Kwanza, sema. Muuguzi asipokuuliza, anza wewe. "Daktari, kabla hujaniandikia, kuna mti ninatumia." Akikukaripia, usikate tamaa wala usifiche safari ijayo. Omba kuzungumza na mwingine, au zungumza na mhudumu wa afya wa mtaa wenu akusindikize.

Pili, beba ushahidi. Chukua kipande cha gome, jani au chupa yenyewe. Kama hujui jina la Kiswahili, taja la lugha ya nyumbani. Eleza unakunywa kiasi gani, mara ngapi kwa siku, na tangu lini.

Tatu, anza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukianza dawa mbili siku moja na mwili ukawasha, hutajua ni ipi iliyokuwasha.

Nne, omba iandikwe kwenye kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, au kwenye kadi yako. Atakayekuhudumia kesho huenda asiwe wa leo.

Tano, mwambie na mganga wa mitishamba dawa unazomeza za hospitali. Mganga mwaminifu ataheshimu. Anayekuamuru uache vidonge vya kliniki ndipo akutibu, ondoka.

Sita, weka chupa za mitishamba mbali na watoto, na usizitie katika chupa za soda. Mtoto akiona chupa ya soda, huona soda.

Dalili za hatari

Nenda hospitali bila kungoja ukiona macho kuwa manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi au kupungua sana, damu kutoka puani, kwenye fizi au chooni, jasho baridi na kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, degedege, au uso na midomo kuvimba. Kwa mtoto, ongeza kulala kupita kiasi, kushindwa kunyonya, na kutapika kila kitu. Usimtapishe kwa nguvu. Usimpe dawa nyingine ya kuondoa ile ya kwanza. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, na ile chupa uibebe mkononi.

Maswali mnayouliza mara kwa mara

Je, chai ya tangawizi na ndimu wakati wa homa ina ubaya? Kwa kiasi cha chakula, watu wengi hawana shida. Ila vidonge vya kuongeza damu visimezwe kwa chai. Vimeze kwa maji safi, na chai ingoje muda wa saa 2.

Je, mama mkwe akisisitiza nimpe mtoto dawa ya kienyeji? Usigombane naye. Mwambie, "Mama, twende kliniki pamoja tuwaulize." Mara nyingi nyanya akisikia maelezo kwa masikio yake mwenyewe, huwa ndiye mlinzi wa kwanza wa mjukuu.

Je, nikiwa sina pesa za hospitali na mti ni rahisi? Hilo tunalielewa. Lakini vidonge vya kuongeza damu, dawa za kifua kikuu na za VVU hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Uliza kabla ya kununua chupa. Mara nyingi chupa ndiyo ghali.

Mambo ya kukumbuka

Dawa ya mti ni dawa. Ina nguvu, na ina madhara yake.

Kuachanisha saa hakumalizi ugomvi wote wa dawa.

Usiache dawa ya hospitali kwa sababu umekunywa mitishamba.

Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama, na dawa za kliniki tu.

Kabla ya kujifungua na kabla ya upasuaji, taja kila ulichokunywa.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Daktari hawezi kukukinga na kitu asichokijua. Wiki hii ukienda kliniki, nenda na vidonge vyako na chupa yako katika mfuko mmoja, uviweke vyote mezani mbele yake.

 Mweleze na jirani yako wa mlango wa pili.